Jicho la Siku, Jicho la Upepo

Mkaribie mtu umpendaye. Kaeni uso kwa uso penye mwanga mzuri, kisha mtazame ndani ya kile kiduara cheusi kilicho katikati ya jicho lake. Tulia kidogo, usiseme neno. Humo utamwona mtu, mdogo kuliko punje ya mchele, ana kichwa na mabega, na ukimpungia mkono naye anakupungia. Mtu huyo ni wewe.

Kila mtoto hulijua jambo hili. Hulivumbua siku moja akiwa amepakatwa, akamshika mama mashavu na kumwambia, "Mama, nimo jichoni mwako." Wengi wetu tukishakua husahau. Warumi wa kale hawakusahau. Kiduara hicho walikiita "pupilla", maana yake kisichana, au mwanasesere, kwa ajili ya yule mtu mdogo anayeonekana humo. Neno likapita kwa Wafaransa, likavuka bahari hadi Uingereza, na leo daktari wa macho wa London akimulika tochi na kutaja "pupil", anamtaja mwanasesere wa Kirumi.

Wagiriki walikiita "kore", msichana. Waebrania walikiita "ishon", kijimtu. Waarabu hukiita "insan al-ayn", mtu wa jichoni. Lugha hizo ni za koo mbili zisizofanana, lakini wenyewe walipokaribiana na kutazamana waliona kitu kimoja. Na pale ambapo Zaburi katika Biblia yetu ya Kiswahili inamwomba Mungu amlinde mja wake kama mboni ya jicho, neno la Kiebrania lililoko pale ni hilo hilo la kijimtu. Anayeombewa ulinzi ni yule mdogo anayeonekana ndani ya jicho la Mwenye kumtazama. Siku nilipolijua hilo nilifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu.

Na sisi je? Mboni ni mtoto wa kitenzi cha kale cha Kibantu, "bona", yaani kuona. Wazulu wanasema "bona" mpaka leo. Sisi Waswahili ile b tuliidondosha njiani tukabaki na "ona", ila ndani ya "mboni" imesalia, imehifadhiwa kama mbegu ndani ya kokwa. Warumi walimtaja anayeonekana. Wazee wetu walikitaja kinachoona.

Kiduara chenyewe ni ajabu. Ukikichunguza utakuta ni tundu tu, nafasi iliyoachwa wazi. Ni cheusi kwa sababu nuru iingiayo humo karibu yote hubaki ndani, ikafanye kazi ya kutuonyesha ulimwengu. Penye jua kali tundu hilo husinyaa hadi upana wa milimita 2 hivi, na gizani hutanuka hadi karibu 8, bila mwenye jicho kutoa amri. Yule mtu mdogo naye hakai humo. Ni taswira inayorudishwa na utando angavu ulio mbele ya jicho. Muumba aliweka mlango wa nuru, na mbele ya mlango akaweka kioo, ili kila akaribiaye ajione.

Nilipokuwa shule ya msingi, maneno ya Kiingereza yaliandikwa ubaoni kwa safu, nasi tukayakariri kama vibarua wanaopokezana matofali. Sisi wenyewe tuliitwa "pupils", kwa neno lililozaliwa tumbo moja na lile la jichoni, kwani kwa Warumi "pupillus" alikuwa mtoto yatima aliye chini ya mlezi. Hakuna aliyetuambia hayo, na sidhani walimu wetu walikuwa wameambiwa. Tulidhani maneno yale ni vitu vigumu, vya watu wengine, visivyo na kitu ndani. Leo nikiyatazama kwa karibu naona kwamba kila moja lina mtu ndani yake, mtu wa kale aliyesimama mbele ya kitu cha Mungu, akakishangaa, na mshangao wake ukageuka jina.

Ua linalofumba jicho

Katika nyasi za Uingereza huota kiua kifupi, cheupe pembeni, manjano katikati. Jina lake "daisy". Wasichana wengi hupewa jina hilo, na hata kwetu akina Daisy wapo. Waingereza wa zaidi ya miaka 1000 iliyopita walikiita "dæges eage", yaani jicho la siku. Karne zilipopita, ndimi ziliyasaga maneno mawili yakawa moja, kama mawe ya mtoni yanavyosagana hadi kingo zikapotea.

Kwa nini jicho la siku? Kwa sababu jua likizama, zile petali nyeupe hujikunja na kuifunika ile manjano ya katikati, kama kope zinavyolifunika jicho. Alfajiri hufumbuka tena. Aliyelipa ua hili jina alikuwa mtu wa kulala mapema na kuamka mapema, mchungaji au mkulima, mtu aliyepita mahali pale pale jioni na asubuhi. Jina kama hilo halitungwi na mtu aliyeliona ua mara moja.

Wenye kulipasua ua hilo na kulitazama kwa kioo cha kukuzia wametueleza jambo jingine. Tuonalo kama ua moja ni maua mengi yaliyokusanyika juu ya shina moja. Ile manjano ya katikati ni maua madogo madogo yaliyobanana, na kila petali nyeupe pembeni nayo ni ua linalojitegemea. Alizeti ya Singida na Dodoma ni ya ukoo huo huo, na ukitaka kusadiki, chukua kichwa kimoja cha alizeti uhesabu mbegu: kila mbegu ilikuwa na ua lake. Kumbe jicho la siku ni kijiji kizima kinacholala pamoja na kuamka pamoja. Mkulima yule wa kale hakuwa na kioo cha kukuzia. Alikuwa na subira, na subira ilimtosha kuona kope.

Tundu la upepo

Jicho hilo hilo limo ukutani. Mwaka 793 mashua za watu wa kaskazini, Waviking, zilitua kwenye kisiwa cha Lindisfarne na kuiteka nyumba ya watawa. Mwanzo ulikuwa wa damu. Lakini baada ya miongo kadhaa wengi wao walibaki, wakalima, wakaoa, wakawa majirani, na maneno yao yakaingia jikoni na sebuleni kwa Waingereza. Mojawapo ni "vindauga", jicho la upepo. Nyumba zao zilikuwa na tundu la kupitishia hewa na mwanga, tundu lisilo na kioo, na upepo ukipita humo ni kana kwamba upepo wenyewe unachungulia ndani. Leo neno hilo ni "window".

Waingereza walikuwa na jina lao kabla ya hapo, nalo pia lilikuwa na jicho: "eagduru", mlango wa jicho. Na sisi? "Dirisha" letu limetoka kwa Waajemi, kwenye "daricha", maana yake mlango mdogo. Watu watatu wamesimama mbele ya tundu moja ukutani. Mmoja anaona jicho, mwingine anaona mlango, wa tatu anaona jicho na mlango kwa pamoja, na wote wamesema kweli.

Waviking hao hao waliwaachia Waingereza neno "sky", anga. Kwa Waviking lilikuwa na maana ya wingu. Waliwaachia pia neno la yai, "egg", na juu ya yai hilo kuna kisa ambacho William Caxton, mtu aliyeleta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476, alikisimulia mwaka 1490. Wafanyabiashara walikuwa wakitoka mto Thames kwenda Zeeland. Upepo ukawaishia, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akabisha hodi kwenye nyumba moja, akaomba "eggys". Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akaona uchungu, maana hata yeye Kifaransa hakukijua. Mwenzake ndipo akasema wanataka "eyren", na mama akaelewa mara moja. Neno moja lilikuwa la Waviking, jingine la Waingereza wa zamani, na mayai yalikuwa yale yale ya kuku wale wale. Caxton aliuliza mtu aandike lipi kati ya hayo mawili. Swali lake twalijua sana sisi wa lugha yenye Kiamu, Kimvita, Kiunguja na Kingwana.

Panya chini ya ngozi

Kunja mkono wako mpaka kiwiko kikunjamane, kisha uunyooshe. Kunja tena. Tazama kitu kile kinachopanda na kushuka chini ya ngozi ya mkono wa juu. Kinakimbia, kinajificha, kinatokeza tena. Wagiriki walipokiona walitumia neno moja, "mys", kwa panya na kwa msuli. Warumi wakauita msuli "musculus", kipanya, na Waingereza wakaurithi kwa jina la "muscle".

Mwili wa mtu una misuli zaidi ya 600 ya kuusogeza. Ipo ya kubeba gunia, ipo ya kukunja uso kwa huzuni, ipo ya kuzungusha jicho polepole kufuata ndege anayeruka. Yote hufanya kazi kwa kujivuta na kulegea tu. Msuli hauwezi kusukuma, na ndiyo maana umepewa mwenzake wa upande wa pili: mmoja akivuta huku, mwenzake hulegea, kisha wanabadilishana. Tunatembea, tunaandika na kukumbatiana kwa ushirikiano huo ambao hatuufikirii. Na mtu wa kwanza aliyeutafutia jina hakuwa na kitabu cha elimu ya mwili. Alikuwa na panya ndani ya ghala lake la nafaka, akamwona tena chini ya ngozi yake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kipawa chenyewe. Biblia na Qur'ani, vitabu ambavyo watu wetu wengi wanavisoma, vyote viwili vinamtaja Adamu pamoja na majina. Katika kitabu cha Mwanzo wanyama waliletwa kwake ili aone atawaitaje. Katika Sura ya Al-Baqara Adamu alifundishwa majina, na malaika walipoulizwa hawakuweza kuyataja. Mbwa humjua bwana wake kwa harufu, nyuki hujua njia ya kurudi mzingani, na ndege wahamao huvuka bahari bila ramani. Lakini kati ya viumbe wote tunaowajua, ni mwanadamu peke yake awezaye kutazama msuli na kumkumbuka panya, kutazama ua na kukumbuka jicho, kisha akampa mwenzake ukumbusho huo kwa pumzi ya kinywa chake. Jina ni pumzi tu, haina uzito. Mawe ya majumba ya Roma yameanguka, na pumzi hiyo bado inapita vinywani mwa watu.

Mlinzi wa mkate

Maneno mengine hayakuzaliwa kwa kutazama maumbile. Yalizaliwa mezani.

Kiingereza kina neno la heshima kubwa, "lord". Wanawaita hivyo waheshimiwa wa bunge lao la juu, na Wakristo wao humwita Mwenyezi Mungu kwa neno hilo hilo, mahali pale ambapo sisi husema Bwana. Ukilivua mavazi ya karne, chini yake unakuta "hlafweard", mlinzi wa mkate. Na "lady", bibi mheshimiwa, alikuwa "hlæfdige", mkandaji wa mkate. Mwenye cheo katika nyumba ya Waingereza wa kale alikuwa yule aliyehakikisha kuna mkate na kwamba unawafikia wote, na aliyeketi kando yake ni yule ambaye mikono yake ilikuwa na unga.

Nimelifikiria sana hilo. Ukubwa wa mtu ulipimwa kwa waliokula mkononi mwake. Kisha utajiri ukaja, majumba yakajengwa, majoho yakashonwa, na neno likapanda ngazi mpaka likasahau jiko. Lakini unga bado umo ndani yake. Mkristo wa London anayepiga magoti na kumwita Mungu "Lord", kisha akaomba riziki yake ya siku, anaomba mkate kwa Mlinzi wa mkate.

"Companion", mwenzi, naye ametoka mezani huko huko. Kwa Kilatini "com" ni pamoja, na "panis" ni mkate. Mwenzi ni yule mnayekula naye mkate. Waarabu walimtafuta mwenzi mahali pengine, wakamkuta njiani. "Rafiq" wao, aliyetupa sisi "rafiki", ni mtu mnayefuatana safarini, na mzizi wa jina lake una maana ya upole. Mtu aliyekula nawe, mtu aliyetembea nawe: ukipata mmoja mwenye sifa zote mbili, mshukuru Mungu.

Maneno yaliyopanda jahazi

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo Mswahili akiyakuta anahisi amekutana na ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. "Sugar" ni mojawapo. Wahindi wa kale, katika lugha ya Sanskriti, walisema "sharkara", kwa maana ya changarawe, kisha wakaiita hivyo sukari kwa sababu ya chembe zake. Waajemi wakasema "shakar", Waarabu wakasema "sukkar". Kutoka kwa Waarabu njia zikagawanyika. Moja ilikwenda Ulaya hadi ikawa "sugar". Nyingine ilishuka na pepo za kaskazi hadi pwani yetu ikawa sukari. Anayekoroga kikombe Mombasa na anayekoroga kikombe Liverpool wanakoroga changarawe ile ile ya India.

Na kilichomo kikombeni je? Wachina huandika jani hilo kwa alama moja, ila hulitamka kwa namna nyingi. Katika lahaja ya Fujian, karibu na bandari ya Xiamen, wanasema "te". Waholanzi wa karne ya 17 waliochukua jani hilo kwa meli waliondoka na tamko hilo, na Waingereza wakasema "tea". Sehemu nyingine nyingi za China wanasema "cha". Tamko hilo lilifuata misafara ya nchi kavu, likapita Uajemi, likawa "chay", na leo asubuhi tunaagiza chai. Kwa hiyo mara nyingi jina peke yake linakuambia kama jani lilitoka kwa meli au kwa msafara wa wanyama wa mizigo.

Neno linalonishangaza kuliko yote katika kundi hili ni la kitu ambacho hakipo. Wahindi walikuwa na alama ya hesabu waliyoiita "shunya", tupu. Waarabu wakatafsiri maana yake wakasema "sifr". Kijana mmoja wa mji wa Pisa, Leonardo, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Fibonacci, alijifunza hesabu hizo kwenye ardhi ya Afrika, katika bandari ya Bugia iliyoko Algeria ya leo, ambako baba yake alifanya kazi. Mwaka 1202 aliandika kitabu chake cha hesabu kwa Kilatini, na ile "sifr" akaiandika "zephirum". Waitalia wakaifupisha, na Waingereza wakaipokea kwa jina la "zero". Sisi tuliichukua kwa Waarabu moja kwa moja tukasema sifuri. Mtoto wa Tanga aandikaye sifuri na mtoto wa Manchester aandikaye "zero" wote wanachora duara lenye utupu ndani, na utupu huo umepita mikono ya watu wa mabara matatu. Bila huo hakuna kompyuta.

Sisi nasi tumetoa. Wasafiri wa karne ya 19 walioingia bara kwa misafara ya pwani, kama Richard Burton, waliondoka na neno "safari", na leo limo katika kamusi za Kiingereza kama mwenyeji. Mwaka 1983 Leslie Scott, mwanamke aliyekulia Afrika Mashariki, alipeleka kwenye maonyesho ya London mchezo wa kupanga vipande vya mbao, akauita Jenga. Watoto wa mataifa mengi wanatoa amri ya Kiswahili kila wanapouweka mezani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna lugha iliyokufa kwa kukaribisha maneno.

Lakini neno la kigeni ninalolipenda zaidi ni lile la shule. Tanzania Bara tunasema "shule", tulilolipata kwa Wajerumani walipotutawala. Wazanzibari wanasema "skuli", walilolipata kwa Waingereza. Wakati mwingine tunataniana kwa tofauti hiyo. Kumbe yote mawili yamechotwa kisima kimoja, neno la Kigiriki "skhole", na maana yake ya kwanza ni nafasi, wakati wa mapumziko, saa ambayo mtu hana kazi za sulubu na anaweza kukaa akafikiri. Ningependa kila mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri na begi zito mgongoni alijue hilo: mahali anapokwenda pana jina la utulivu. Waliolitunga walijua kwamba ajabu za Mungu hazionekani na mtu anayekimbizwa.

Karatasi za Murray

Nani aliyetukusanyia habari hizi? Ni watu wengi, lakini mmoja ananigusa. James Murray alizaliwa Scotland, mtoto wa fundi cherehani, akaacha shule akiwa na miaka 14 kwa sababu ya uhaba wa fedha. Alijifundisha lugha moja baada ya nyingine, akawa mwalimu, na alikuwa mcha Mungu. Mwaka 1879 alikabidhiwa kazi ya kamusi kuu ya Kiingereza, iliyokuwa imependekezwa na wanachuoni wa London tangu 1857. Alijenga kibanda cha mabati uani, akakijaza mbao zenye vyumba vidogo vya kuwekea karatasi, kisha akawaomba wasomaji wa kawaida popote walipo wasome vitabu, na kila wakutapo neno limetumika vizuri, walinakili kwenye kipande cha karatasi na kumpelekea.

Karatasi zilimiminika. Walimu walituma, wachungaji wa makanisa walituma, akina mama wa nyumbani walituma. Mmoja wa waliotuma kwa wingi sana alikuwa William Chester Minor, daktari Mmarekani aliyefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kuua mtu wakati wa ugonjwa wake. Kwa miaka mingi, kutoka chumba kile, alituma maelfu ya maneno. Akili iliyovunjika upande mmoja iliachiwa upande mwingine uendelee kuhudumia watu. Sijui niliite hilo kwa jina gani zaidi ya rehema.

Sehemu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884. Murray alifariki 1915, kamusi haijaisha. Ilikamilika 1928, ikiwa na maneno 414,825 na mifano zaidi ya milioni 1.8. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilichukua miaka 71. Kwetu pia wapo waliopanda bila kuvuna: Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaokota maneno ya Kiswahili kwa miaka na miaka, na kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa ameshazikwa. Watu hawa walitambua kwamba neno la muuza samaki linastahili kuandikwa kwa uangalifu ule ule wa neno la mfalme, kwa sababu yote mawili ni kazi ya kipawa kimoja.

Dua ya kuagana

Limebaki moja, na ndilo dogo kuliko yote. Waingereza wakiagana husema "goodbye". Ukilisikia utadhani limetokana na neno "good", yaani jema. Asili yake ni sentensi nzima, "God be with ye", Mungu awe nanyi. Watu wa karne ya 16 waliitamka kwa haraka mlangoni, mara nyingi kwa siku, mpaka ikafupika, na jina la Mungu likageuka "good" kwa kufuata mfano wa salamu nyingine za kutakiana siku njema. Sasa imefupika zaidi imekuwa "bye", na wengi wanaoitamka, wakiwemo wasiosali kabisa, hawajui kwamba wamemkabidhi mwenzao kwa Mungu. Wafaransa kwa "adieu" na Wahispania kwa "adiós" nao hufanya hivyo. Na sisi tukisema kwaheri tunamsindikiza mtu na heri, tukimpa buriani tunaomba tusameheane kabla ya kutengana.

Wiki chache zilizopita nilimsindikiza mjukuu wangu kituo cha mabasi, anarudi kwa wazazi wake bara. Ilikuwa alfajiri. Nilimbeba hadi kwenye ngazi ya basi, akanishika mashavu, akanitazama macho kwa karibu sana, akacheka peke yake. Sikumuuliza ameona nini. Basi lilipoanza kuondoka, kioo cha dirisha kilifunguliwa, upepo ukaingia, na mkono wake mdogo ukatokeza nje.

"Bai, babu! Bai!"

Nikamjibu, "Nawe pia, mwanangu. Awe nawe."